Nani Analipia Onyo Lisilotimia?

Wiki moja tu, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024, ilitosha kuwaonyesha Wakenya pande zote mbili za tatizo la tahadhari. Usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliyokuwa yamezibwa huko juu upande wa Kijabe yalipasua njia, yakateremka na matope, mawe na magogo hadi Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yakazoa nyumba watu wakiwa usingizini. Makumi walikufa. Tahadhari ya mvua kubwa ilikuwepo, tena ya wiki nyingi, lakini ilikuwa ya karibu nusu ya nchi. Hakuna aliyewaambia wakazi wa bonde lile kwamba usiku huu, hapa kwenu, msilale.

Siku chache baadaye tukaambiwa Kimbunga Hidaya kinakuja Pwani. Wavuvi wakaonywa wasiingie baharini, redio zikalizungumzia asubuhi na jioni. Mei 4 Hidaya kikapiga kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, kikaanza kuishiwa nguvu, na Pwani ya Kenya ikaambulia upepo na mawimbi makali badala ya balaa lililohofiwa. Vichekesho mitandaoni havikukosekana.

Pigo moja halikutangazwa, na tangazo moja halikupata pigo. Wengi wetu huyachukua haya kuwa makosa mawili ya watu wale wale wasioijua kazi yao. Mimi naona ni kosa moja lenye ncha mbili: ukiibana ncha hii, ile nyingine inachomoza. Tena kuna swali ambalo halikuulizwa wiki ile, wala haliulizwi sana wiki nyingine yoyote: onyo linapopita bila kitu, ni mfuko wa nani unaotoboka?

Waliolipima jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengine ni Wamarekani, kwa sababu ya tonado, yaani ule upepo unaozunguka kwa kasi ya kutisha, umeshikana na wingu la radi juu na ardhi chini, unaoweza kung'oa nyumba za upande mmoja wa barabara na kuacha za upande wa pili zimesimama. Wao hupata tonado kama 1,200 kwa mwaka. Sisi huku Kisumu hatuna ving'ora vya tonado, na sioni haja navyo. Lakini wenzetu wamehifadhi rekodi za kila onyo na kilicholifuata kwa miongo mingi, na katika rekodi hizo kuna mengi yanayotuhusu sisi tunaoishi na radi za ziwani na mito inayofurika.

Rekodi ya kwanza ni ya kuchekesha. Mwaka 1884 mwanajeshi wa kikosi cha mawasiliano cha Marekani, John Park Finley, alianza kutabiri tonado kwa majaribio. Alitoa jumla ya utabiri 2,803, kisha akatangaza kwamba amepatia asilimia 96.6. Alama kama hizo mwanafunzi wa KCSE angezililia. Ndipo mjiolojia mmoja, Grove Karl Gilbert, akazipitia hesabu zake na kuonyesha kwamba mtu ambaye angesema "leo hakuna tonado" kila siku, kila mahali, bila hata kutazama mawingu, angepata asilimia 98.2.

Ukiifungua hesabu yenyewe utaona siri iko wapi. Mara 100 Finley alisema tonado itakuja. Ilikuja mara 28, mara 72 haikuja. Mara nyingine 23 ilikuja bila yeye kusema. Sehemu kubwa ya alama zake ilitokana na mara 2,680 ambazo alisema hakuna kitu na kweli hakukuwa na kitu, kazi ambayo hata asiyejua kusoma angeiweza. Kwa hiyo mtu akikuambia utabiri wa idara fulani ni sahihi kwa asilimia tisini na kitu, muulize kwanza: mabaya yalipotokea, yalitangazwa mangapi? Na yaliyotangazwa, yalitokea mangapi? Hayo ni maswali mawili tofauti, na idara inaweza kung'ara katika moja na kuanguka vibaya katika lingine.

Wakubwa wa Finley walichagua njia fupi. Neno tonado likapigwa marufuku katika utabiri, kwa hoja kwamba watu wangetaharuki bure, na marufuku hiyo ikarithiwa na idara ya kiraia iliyofuata. Watabiri wakawa salama kabisa dhidi ya lawama ya onyo hewa, yaani onyo lisilotimia. Machi 18, 1925, tonado moja ikapita Missouri, Illinois na Indiana ikaua watu 695, na hakuna aliyekuwa ameonywa. Ukimya ule uliendelea hadi 1948, pale maafisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, walipoona kwamba hali ya hewa ya Machi 25 inafanana mno na ile ya siku tano kabla, wakati tonado ilipoikumba kambi yao ya Tinker, Oklahoma. Wakatoa onyo, ndege zikafungwa na kuingizwa ndani, na jioni ile ile tonado ya pili ikaipiga kambi ile ile. Miaka miwili baadaye idara ya kiraia nayo ikawafungulia watabiri wake midomo.

Leo wana rada, setilaiti na kompyuta ambazo Finley asingeweza kuziota. Hata hivyo, takribani maonyo 7 kati ya 10 ya tonado nchini Marekani hayafuatwi na tonado yoyote. Msomaji wa kwetu akiisikia namba hiyo hushangaa kwamba hata wao wanabahatisha. Lakini tazama uamuzi wenyewe. Rada inaonyesha wingu linazunguka. Mawingu mengi ya namna hiyo hayatelemshi tonado, machache hutelemsha, na tofauti kati ya haya na yale haionekani mpaka dakika za mwisho, pengine haionekani kabisa. Mtabiri akisubiri hadi awe na uhakika, watu watapata dakika moja ya kukimbia au wasipate hata hiyo. Akitangaza mapema, watapata dakika kumi na zaidi, ila mara nyingi watakuwa wamekimbia bure. Baada ya 2011 watabiri wa huko walijitahidi kupunguza maonyo hewa, wakafaulu kidogo. Bei yake ikawa kwamba tonado nyingi zaidi zilipita bila kutangazwa, na muda wa kujiandaa ukafupika.

Mwaka huo wa 2011 haukuchaguliwa ovyo. Mei 22, tonado kubwa iliupiga mji wa Joplin, Missouri, ikaua watu 158. Ving'ora vilikuwa vimelia kama dakika 20 kabla haijafika mjini. Wachunguzi wa idara yao walipowahoji manusura waligundua kwamba wengi hawakukimbia waliposikia king'ora cha kwanza. Walitoka nje kutazama anga. Waliwasha televisheni. Walipigia ndugu simu. Walitaka ushahidi wa pili, kwa sababu ving'ora walivizoea: vililia kwa majaribio, vililia kwa dhoruba za jirani, na maisha yakaendelea.

Hapo ndipo watu hutoa hitimisho la haraka kwamba onyo likitoka bure mara nyingi, watu huacha kusikia. Ushahidi wenyewe umechanganyika kuliko hivyo. Wachumi Kevin Simmons na Daniel Sutter walichapisha utafiti mwaka 2009 ulioonyesha kwamba katika maeneo yenye maonyo hewa mengi, tonado zinapokuja kweli huua na kujeruhi zaidi. Hilo ni zito. Lakini watafiti wengine waliowauliza wananchi moja kwa moja wamekuta kwamba wengi hawajui hasa kiwango cha maonyo hewa katika eneo lao. Wanachokibeba kichwani ni hisia, na hisia hiyo haifuati hesabu kila mara. Wengine wakiulizwa husema onyo lililowapita kwa kilomita chache halikuwa la uongo hata kidogo, waliponea chupuchupu. Wao na jirani yao wameonywa kwa tangazo lile lile, dakika ile ile, lakini jirani anaapa alidanganywa.

Kwa hiyo hata swali la onyo lipi ni hewa linategemea umesimama wapi. Onyo la tonado hufunika eneo la mamia ya kilomita za mraba, ilhali njia ya tonado huwa na upana wa mita mia kadhaa. Hata idara inapojiandikia kwamba hili limetimia, walio wengi ndani ya eneo lile hawakuona kitu. Katika daftari la ofisi ni alama ya vema. Kwa mama aliyekaa chini ya ngazi na watoto nusu saa, ni usumbufu.

Sasa rudi kwetu, uipime tahadhari ya kawaida ya mvua kubwa: Nyanda za Juu Magharibi mwa Bonde la Ufa, Bonde la Ziwa Victoria, Bonde la Ufa ya Kati, kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu. Ndani ya maneno hayo kuna Turbo na Muhoroni, Mbita na Molo. Mvua ikivunja rekodi Kericho na Kondele ikapata manyunyu, tahadhari imetimia kabisa, na wakazi wengi wa Kisumu watakuwa na haki ya kusema kwamba kwao haikutimia. Siwalaumu watabiri. Radi za ukanda huu ndivyo zilivyo. Mchana upepo wa ziwani hupanda kuelekea milima ya Nandi na Kericho, hewa yenye unyevu inasukumwa juu, na alasiri unapata radi Kakamega na mvua ya mawe inayochakaza chai kule juu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, upepo unavuma kutoka kila upande kuelekea majini, unakutana huko, na mawingu ya radi yanazaliwa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri.

Usiku wa manane hadi alfajiri ndio wakati taa za omena zinapowaka ziwani.

Nilisema kuna mfuko unaotoboka, na hapa ndipo unapoonekana vizuri. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, iwe karabai za zamani au hizi za sola za siku hizi, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawaifuati taa. Kila mwezi una usiku wake wa kazi, na usiku ukipotea haurudi. Ongeza miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, uone jinsi kalenda ya baharia wa Dunga au Usenge ilivyobanwa.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba baharia huyo hupata shilingi 700 usiku ukiwa mzuri. Kila asubuhi anasikia utabiri wa ziwa. Katika usiku 10 wenye onyo la upepo mkali, tuseme upepo wa hatari unafika kwenye maji yake mara 2. Akitii yote, amepoteza mapato ya usiku 8 ambao ungekuwa salama, shilingi 5,600. Akiyapuuza yote, amecheza na uhai wake mara mbili, na si kila dhoruba huzamisha. Wanauchumi wana kanuni yao ya hali kama hii: chukua tahadhari pale uwezekano wa hatari unapozidi gharama ya kujikinga ikigawanywa kwa hasara utakayoipata usipojikinga. Kwa mwenye mshahara, kukaa nyumbani siku moja hakumgharimu chochote, kwa hiyo hata uwezekano wa asilimia 5 unamtosha kutii. Kwa mtu ambaye usiku mmoja ni karo au unga, kiwango chake kiko juu zaidi. Anayemwita mjinga hajapiga hesabu.

Mtabiri naye ana yake. Akitoa onyo lisilotimia atatukanwa kwenye mitandao hadi Jumatano. Asipotoa, watu wakafa, ataitwa na kamati ya bunge. Ungekuwa wewe, ungetangaza kwa uwezekano gani? Mdogo sana, bila shaka. Basi tunaye mtu mmoja anayevutwa na kazi yake kuonya mara nyingi, na mwingine anayevutwa na njaa kutii mara chache, wote wawili wakifanya uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Tunaita matokeo yake "ukosefu wa elimu kwa umma", kisha tunaandaa semina hotelini.

Kuna na wa tatu ambaye husahaulika: mwenye mashua. Mara nyingi yeye ndiye anayeamua kama chombo kitatoka, ingawa halali ndani yake. Mapato yakishatolewa mafuta na gharama, yeye hupata fungu la chombo na nyavu, mabaharia wanagawana linalobaki. Hasara ya dhoruba kwake ni mbao, injini na nyavu. Si kidogo, lakini si sawa na ya anayeshika kasia. Ukimfikishia onyo baharia peke yake, umelifikisha kwa mtu ambaye labda hana sauti.

Mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 kwa ufadhili wa Uingereza chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliligusa hili kwa kiasi. Watabiri wa Kenya, Uganda na Tanzania waliketi na wavuvi kuuliza wanahitaji kujua nini, na utabiri wa ziwa ukagawanywa kwa kanda badala ya kulichukulia ziwa lote kama beseni moja. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Onyo la ziwa zima lilikuwa kama halimhusu mtu. Kanda ikiwa ndogo, anayesikia hujua anasemwa yeye. Wakati huo huo, kanda ikiwa ndogo, nafasi ya kukosea nayo inakua, maana radi yenye upana wa kilomita chache inaweza kuangukia kanda ya jirani. Ncha ile nyingine imechomoza tena.

Si kila hatari iko hivyo, na hapa naona tunajichanganya bure. Mto Nzoia unakusanya maji kutoka Cherangani na Mlima Elgon, unapita Rwambwa, kisha unafika Budalang'i ambako watu wamelala nyuma ya tuta. Maji yakishapanda huko juu hayana mahali pengine pa kwenda, na yanachukua muda kufika. Kipimo cha daraja la Rwambwa kikipanda, anayetangaza habari hiyo anasimulia kinachoonekana. Kubahatisha kwake kumebaki kwenye swali moja, kama tuta litahimili. Onyo la namna hii linaweza kuwa sahihi kwa kiwango ambacho onyo la radi halitakifikia hata tukinunua rada kumi. Tunapoyatangaza yote mawili kwa sauti ile ile na maneno yale yale, lile la uhakika linaambukizwa sifa mbaya ya lile la kubahatisha.

Nyando una kioja chake. Mvua inanyesha Nandi Hills na Tinderet, na mafuriko yanafika Ahero na tambarare za Kano wakati anga ya huko ni nyeupe na jua linawaka. Mtu aliyeambiwa "tahadhari, mvua kubwa" anaangalia juu, haoni wingu, anaendelea kupanga magunia yake ya mpunga. Tangazo lilimtuma atazame angani kumbe alipaswa kutazama mto.

Halafu kuna El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ambayo imewaumiza watabiri wetu kuliko kitu kingine. Mvua za 1997 hadi 1998 ziliacha kovu, na tangu hapo jina hilo likitajwa kila mtu huwaza madaraja kubebwa. Mwaka 2015 joto la Bahari ya Pasifiki lilipanda sana, idara ya hali ya hewa ikatoa tahadhari, serikali ikatangaza maandalizi ya mabilioni. Mvua ilinyesha, na yako maeneo yaliyofurika, lakini haikuwa ya 1997. Watu wakacheka, wakauliza pesa zimeenda wapi. Mwaka 2019 kikatokea kinyume: bila El Niño kubwa, mvua zilifurika, na usiku mmoja wa Novemba maporomoko ya ardhi yakaua makumi ya watu Pokot Magharibi. Sababu ya msingi ilikuwa upande wa pili, Bahari ya Hindi, ambako maji ya karibu na Afrika yalikuwa yamepata joto kuliko ya upande wa Indonesia. Mvua zetu za vuli huitii Bahari ya Hindi angalau kama zinavyoitii Pasifiki. Kwa hiyo El Niño ya 2015 haikuwa onyo hewa. Bahari ya mbali ilipata joto kama ilivyosemwa. Kilichokosewa ni kuuza habari ya Pasifiki kama kwamba ni habari ya mlangoni kwako.

Mwaka 2023 bahari zote mbili zilielekea upande mmoja. Idara ikasema mvua itazidi kawaida. Mapema Oktoba Rais William Ruto akawaambia Wakenya kwamba El Niño haitakuwepo, itakuwa mvua kubwa tu isiyofikia uharibifu ule. Kufikia mwisho wa Novemba waliokufa kwa mafuriko walikuwa wamepita mia. Mwanasiasa kupunguza uzito wa onyo ni kishawishi kinachoeleweka, hasa baada ya 2015, lakini alichokifanya ni kuwapa watu sababu mbili za kutoamini: ya kwanza kwamba wataalamu husema ovyo, ya pili kwamba hata wakisema, mkubwa anaweza kuwafuta kwa sentensi moja jukwaani. Na pale dola inapoonya kwa kutumia tingatinga, kama ilivyokuwa Mathare na Mukuru Mei 2024 nyumba za kandokando ya mto zilipobomolewa, onyo linalofuata watu watalisikia kama notisi ya kufukuzwa.

Linganisha na nduru. Vijijini magharibi, nduru ikipigwa usiku, watu hutoka na mapanga na tochi bila kuuliza. Nao hutoka bure mara nyingi: alikuwa mbwa, alikuwa mlevi, mwizi alishakimbia. Mbona hawajaacha kutoka? Kwa sababu aliyepiga anajulikana, na wakifika atawaeleza pale pale aliona nini, aliogopa nini. Wanaguna, wanarudi kulala, na kesho wanatoka tena. Asiyetoka anajua zamu yake itafika. Ni mara ngapi umesikia idara yoyote, baada ya tahadhari ya wikendi, ikirudi Jumatatu redioni kusema: tuliona hiki, tukahofia kile, upepo ukageuka, mvua ikamwagikia Homa Bay badala ya Kisumu? Tahadhari zetu huzaliwa kwa kishindo na kufa kimya kimya, na kimya hicho watu hukijaza wenyewe.

Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umetabiri mvua kwa vizazi kwa kutazama miti ya misitu yao mitakatifu, maua yanapochanua, wadudu, mwelekeo wa upepo. Idara ya hali ya hewa na kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, waliketi na wazee hao kulinganisha utabiri wa msimu na kutoa kauli moja, na redio ya jamii ikaanzishwa huko, kama ilivyo Bulala FM kule Budalang'i. Sisemi ua la mti linaishinda setilaiti. Ila mzee wa Nganyi akikosea, anakutana na wakulima njiani asubuhi. Hana ofisi Nairobi ya kujifichia, na hilo limempa imani ambayo taarifa kwa vyombo vya habari haiwezi kuinunua.

Kuna jambo jingine ambalo tayari tunalo na tunalitupa. Tahadhari za mvua za idara yetu huandikwa pamoja na uwezekano wake kwa asilimia. Tangazo linapofika kwenye kundi la WhatsApp uwezekano huo umeshakatwa. Kimebaki "mvua kubwa yaja, sambaza kwa umpendaye". Wahariri husema wananchi hawaelewi asilimia. Jared LeClerc na Susan Joslyn, wanasaikolojia wa Marekani, walilijaribu hilo katika utafiti uliochapishwa 2015. Waliwapa watu kazi ya kuamua kama barabara zimwagiwe chumvi kuzuia barafu, kila uamuzi ukiwa na gharama. Maonyo hewa yalipunguza imani yao, ingawa si kwa kiasi kikubwa kama inavyodhaniwa, na kuyapunguza kidogo hakukusaidia sana. Kilichosaidia kuonekana wazi ni kuwapa uwezekano kwa namba. Wakaamini zaidi na kuamua vizuri zaidi, kwa kuwa "asilimia 30" isipotimia, aliyesema hajasema uongo. Nami siamini kwamba abiria wa bodaboda anayebeti mechi tano kila Jumamosi na kuzijua odi zake kwa desimali atashindwa na hiyo.

Namba hata hivyo hazimlishi mtu. Baharia akielezwa vizuri kwamba uwezekano wa dhoruba ni asilimia 30, bado atahesabu karo. Njia pekee niliyoiona inayogusa hesabu yenyewe ni ile ya kumtafutia mlipaji mwingine. Novemba 2015 Msalaba Mwekundu wa Uganda, upande wa Teso, si mbali na mpaka wetu, uligawa vifaa kama madumu ya maji na sabuni kabla ya mafuriko, kwa kutegemea utabiri peke yake. Mpango uliandikwa mapema: utabiri ukivuka kiwango fulani, pesa zitoke, na ikubalike tangu mwanzo kwamba mara kadhaa zitatoka na mafuriko yasije. Gharama ya onyo hewa ikawa imekadiriwa na kuwekewa mfuko kabla mawingu hayajakusanyika, na mwanakijiji hakuhitaji kuilipa yeye. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao umekuwa ukitumia utaratibu wa aina hiyo kwa mito.

Kwa mito. Ziwani, baharia aliyetii onyo la jana usiku na kukuta ziwa limetulia tuli ameamka leo na deni la dukani, na mwenye mashua amempigia simu kuuliza kama yuko tayari kutoka jioni, au atafutwe mwingine.